Programu za duka: Faida yaliwa na nauli ya fundi

MAFUNDI wa kompyuta wanaotengeneza programu za kutunza hesabu za maduka katika wilaya za Kibaha na Kisarawe, mkoani Pwani, wanaweza kupunguza sana gharama za kuwahudumia wateja wao iwapo watazingatia jambo moja ambalo wengi hulipuuza: kuifunga programu vizuri kabla haijatoka mikononi mwao.

Bidhaa hii haina gunia wala katoni, na pengine ndiyo maana haihesabiwi kuwa bidhaa ya kufungwa. Korosho haitoki ghalani mpaka ipimwe, ipangiwe daraja na gunia lishonwe. Programu ya duka, ambayo mteja ameilipia fedha taslimu, hutoka kwa fundi ikiwa rundo la mafaili ndani ya flashi, na fundi mwenyewe hupanda basi kwenda kuyapanga moja moja kwenye kompyuta ya mteja. Siku ikionekana kasoro, safari inaanza upya.

Msomaji na atazame hesabu ifuatayo, ambayo ni ya mfano tu. Tuchukulie fundi wa Maili Moja, Kibaha, ameuza programu yake kwa maduka 12 kwa shilingi 150,000 kila moja. Maduka saba yako Kibaha na Mlandizi, na matano yako Kisarawe, mengine ndani zaidi huko Maneromango na Masaki. Mapato yote ni shilingi 1,800,000. Baada ya miezi miwili inagundulika kuwa programu inakosea kukokotoa punguzo la bei kwa mteja anayenunua jumla. Kuyatembelea maduka saba ya karibu kwa shilingi 4,000 kila moja ni shilingi 28,000. Kuyafikia matano ya Kisarawe, kwa nauli, pikipiki na chakula, kwa shilingi 15,000 kila moja ni shilingi 75,000. Mzunguko mmoja unagharimu shilingi 103,000. Akizunguka mara tatu kwa mwaka, shilingi 309,000 zimekwenda barabarani, yaani zaidi ya asilimia 17 ya mauzo yote, na hapo siku za kazi alizopoteza hazijahesabiwa.

Mauzo hayo yalifanyika mara moja, lakini nauli inarudi kila mwaka. Ndiyo maana mafundi wengi huacha kupokea simu za wateja baada ya mwaka wa pili, na mwenye duka hurudi kwenye daftari la karatasi huku akiamini kwamba ametapeliwa. Fundi hakumtapeli, bali alishindwa kumudu safari.

Daftari la madeni

Tatizo la nauli, hata hivyo, ni dogo likilinganishwa na lile la pili. Katika maeneo ya korosho ya Pwani, duka la pembejeo huendeshwa kwa mkopo. Mkulima huchukua salfa ya kupulizia mikorosho dhidi ya ubwiri unga katikati ya mwaka, mikorosho inapochipua na kutoa maua, na hulipa baada ya kuuza korosho, mavuno yanapoanza kuingia kuanzia Oktoba. Kwa miezi kadhaa, mali ya mwenye duka haiko rafuni wala benki. Iko ndani ya orodha ya majina na kiasi anachodaiwa kila mtu.

Orodha hiyo ikiwa ndani ya kompyuta, inakaa kwenye faili moja. Fundi anayekuja Agosti na flashi yenye toleo jipya, akanakili folda nzima juu ya ile ya zamani, anaweza kulifuta faili hilo kwa sekunde mbili na kuweka tupu mahali pake. Hakuna kengele itakayolia. Mwenye duka atagundua jioni, fundi akiwa ameshafika Gongo la Mboto.

Kwa hiyo kufunga programu si suala la urembo. Ni kutenganisha mali ya fundi, ambayo ni programu, na mali ya mwenye duka, ambayo ni kumbukumbu zake, ili ya kwanza iweze kubadilishwa mara kumi bila ya pili kuguswa.

Pwani imewahi kuyaona haya

Mkoa wa Pwani si mgeni katika suala hili. Mfumo wa taarifa za afya ujulikanao kama DHIS, ulioanzia Afrika Kusini katika miaka ya 1990 na kuendelezwa pamoja na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, uliingia nchini kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Toleo la kwanza lilijengwa juu ya Microsoft Access. Lilipaswa kuwekwa kwenye kompyuta ya kila wilaya, na takwimu zilisafirishwa kwa diski, flashi au barua pepe mpaka ngazi ya juu. Kompyuta ikiharibika, ikipata virusi au ikibaki na toleo la zamani, hesabu za wilaya hiyo hazikulingana na za wenzake.

Toleo la pili, DHIS2, lilibadili utaratibu: programu inakaa kwenye seva moja, na mtumiaji huifungua kwa kivinjari cha intaneti popote alipo. Kenya ilitangulia kuueneza mfumo huo nchi nzima kwa njia ya mtandao mwaka 2011. Tanzania ilifanya majaribio, Pwani ukiwa mkoa wa mwanzo, na kufikia mwisho wa 2013 mfumo ulikuwa umesambazwa nchi nzima. Kuwasili kwa nyaya za baharini, SEACOM mwaka 2009 na EASSy mwaka 2010, ndiko kulikowezesha jambo hilo. Badala ya mtaalamu kuzunguka wilaya kwa wilaya, marekebisho yalifanyika mahali pamoja.

Je, fundi wa Maili Moja naye aweke programu yake kwenye seva na kumaliza kazi? Kwa duka lenye umeme na mtandao wa uhakika, ndiyo, na ushauri wowote kinyume chake ni wa kupoteza fedha. Lakini seva hulipiwa kila mwezi, na mwenye duka naye anahitaji bando kila siku ili auze. Msomaji anakumbuka kelele za Aprili 2021, viwango vipya vya vifurushi vya simu vilipoanza kutumika na Serikali ikaagiza visitishwe mara moja. Mwenye duka la salfa hapendi biashara yake isimame kwa sababu bando limekwisha wakati foleni ya wakulima iko mlangoni. Kwa duka la namna hiyo, programu inayofanya kazi ndani ya kompyuta yenyewe bado ndiyo bidhaa sahihi, na bidhaa hiyo inahitaji kifurushi, safari hii si cha simu.

Kazi ya mstari mmoja

Kompyuta zinazotumia mfumo wa Linux wa jamii ya Debian, ikiwemo Ubuntu, zina chombo kiitwacho dpkg-deb. Hakina madirisha wala vitufe vya kubonyeza. Fundi huandika amri kwenye skrini nyeusi, na kazi inafanyika. Debian ilianzishwa mwaka 1993 na Ian Murdock, na utaratibu wake wa vifurushi umedumu tangu muongo huo. Chombo hakiuzwi, na huja pamoja na mfumo wenyewe.

Kinachohitajika ni folda moja iliyopangwa kama kompyuta ya mteja itakavyokuwa. Tuipe jina stoo_1.4_all. Ndani yake programu inawekwa kwenye usr/bin, picha na maelezo kwenye usr/share. Kisha inaongezwa folda iitwayo DEBIAN, kwa herufi kubwa, yenye faili dogo la maandishi liitwalo control. Hilo ndilo hati ya mzigo. Linataja jina la kifurushi, namba ya toleo, aina ya kompyuta inayofaa, mtu anayewajibika nacho, maelezo mafupi, na programu nyingine ambazo lazima ziwepo ili hii ifanye kazi. Baada ya hapo fundi huandika:

dpkg-deb --root-owner-group --build stoo_1.4_all

Linatoka faili moja, stoo_1.4_all.deb. Maneno ya katikati yanahakikisha mafaili yakifika kwa mteja yanamilikiwa na msimamizi wa kompyuta, siyo na jina la fundi alilotumia kwake. Kabla ya kulituma, amri ya dpkg -c inaonyesha kila kilichomo na mahali kitakapokwenda, na dpkg -I inaonyesha hati yake. Fundi asiyefanya ukaguzi huo ni sawa na karani anayeshona gunia bila kutazama ndani, na karani wa namna hiyo hadumu ghalani.

Kwa mteja, kazi ni amri moja pia: sudo apt install ./stoo_1.4_all.deb. Ile nukta na mkwaju mwanzoni visisahauliwe, kwani bila hivyo kompyuta hudhani inaombwa kutafuta kifurushi hicho kwenye ghala la mtandaoni, nako hakipo.

Namba ya toleo ina mtego wake. Watu wengi huisoma kama desimali na kuona 1.10 ni ndogo kuliko 1.9. Kompyuta huhesabu kila sehemu peke yake, hivyo 1.10 ni mpya zaidi. Fundi aliyezoea kuandika tarehe kwa mtindo wa siku kwanza, mwezi baadaye, atashangaa mteja akiambiwa toleo la Februari ni la zamani kuliko la Januari. Dawa ni kuanza na mwaka, au kuachana na tarehe kabisa.

Turudi kwenye daftari la madeni, kwani hapa ndipo kifurushi kinapoweza kuokoa au kuangamiza. Kila faili lililofungwa ndani ya kifurushi ni mali ya kifurushi. Toleo jipya likija, la zamani linaondolewa na jipya linakaa. Kwa hiyo faili la kumbukumbu za mteja lisifungwe kamwe ndani ya kifurushi, hata likiwa tupu. Programu yenyewe ndiyo ilitengeneze mara ya kwanza inapofunguliwa, na mahali pake pa kawaida ni chini ya /var/lib. Mipangilio, kwa mfano jina la duka na aina ya risiti, inakaa kwenye /etc na kuorodheshwa kwenye faili liitwalo conffiles ndani ya DEBIAN. Hayo, mteja akiwa ameyabadili, mfumo hauyafuti kimyakimya bali humwuliza.

Kuna kosa baya zaidi, na huwapata hata mafundi wazoefu. Fundi anagundua kwamba toleo la kwanza lilifungwa pamoja na faili la madeni. Anaona aibu, analiondoa kwenye toleo la pili, na kutuma. Mfumo unapoona faili lililokuwemo kwenye la zamani halimo kwenye jipya, unalifuta kama takataka, pamoja na majina yote ya wakulima. Njia ya salama ni kuweka ndani ya DEBIAN hati fupi ya amri iitwayo preinst, ambayo huendeshwa kabla ya mafaili mapya kufunguliwa, ikalinakili daftari mahali papya kwanza. Na ijaribiwe kwenye kompyuta ya fundi mwenyewe, yenye madeni ya uongo, kabla ya kupelekwa kwa mwenye madeni ya kweli.

Suala la tegemezi nalo linagusa mfuko. Programu iliyoandikwa kwa lugha ya Python inaweza kuwa na uzito wa kilobaiti mia chache tu iwapo hati yake itataja kwamba Python iwepo, badala ya kubeba Python nzima ndani. Kifurushi chepesi namna hiyo kinatumwa kwa WhatsApp bila mteja kuhisi bando limepungua. Kinyume chake, kompyuta ya Maneromango isiyounganishwa na mtandao haiwezi kujiletea yenyewe kinachokosekana. Fundi mwenye busara hutumia amri ya apt-get download akiwa Kibaha, akakusanya vifurushi vyote vinavyotakiwa kwenye folda moja na kuvipeleka pamoja katika safari ya kwanza. Safari zinazofuata ni za faili lile dogo tu. Sharti moja: kompyuta ya Kibaha na ya Maneromango ziwe na toleo moja la mfumo, la sivyo mzigo utakataliwa mlangoni.

Wenye Windows

Maduka mengi hutumia Windows, na ingekuwa kujidanganya kuwaambia wabadili kila kitu ili kumfurahisha fundi. Huko kuna Inno Setup, chombo cha bure kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1997. Fundi huandika orodha ya mafaili kwenye faili la maandishi lenye mwisho wa .iss, kisha amri ya ISCC.exe stoo.iss hutoa kisakinishi kimoja. Kinga ya daftari ipo: kwenye mstari wa faili la kumbukumbu huongezwa maneno onlyifdoesntexist, yaani liwekwe tu kama halipo, na uninsneveruninstall, yaani lisiondolewe hata programu ikiondolewa. Kitambulisho kiitwacho AppId kisibadilishwe kati ya toleo na toleo, ama sivyo mteja atajikuta na programu mbili zenye jina moja, na karani atauza kwenye hii asubuhi na kwenye ile jioni.

Gharama ya Windows iko kwingine. Kisakinishi kisicho na sahihi ya mtengenezaji huleta onyo kubwa kwamba mchapishaji hajulikani, na mwenye duka mwoga atasita, na ana haki. Cheti cha kutilia sahihi hununuliwa kwa fedha za kigeni na kina muda wa kwisha. Tangu Juni 2023 watoaji wa vyeti hivyo wanatakiwa kuhakikisha ufunguo unatunzwa kwenye kifaa maalumu, jambo ambalo limeongeza gharama. Kwa fundi mwenye wateja 12 gharama hiyo hailipi. Kwa mwenye wateja 200, hesabu inabadilika.

Wanaotengeneza programu za simu za Android wana angalizo moja: ufunguo wa kutilia sahihi ukipotea na nakala haipo, wateja waliowekewa programu mkono kwa mkono hawawezi kupokea toleo jipya mpaka waondoe la zamani, na kumbukumbu zilizomo huondoka nalo.

Muhuri wa mzigo

Mzigo ukifika Kisarawe, mteja atajuaje kuwa ni ule ule uliotoka Maili Moja? Flashi hupita kwenye kompyuta za stationery, na virusi huchukua lifti humo. Amri ya sha256sum ikifuatiwa na jina la faili hutoa tarakimu na herufi 64. Ikibadilika herufi moja ndani ya kifurushi, mfuatano huo wote hubadilika. Fundi humtumia mteja mfuatano huo kwa ujumbe wa simu, mteja hutoa amri ile ile kwake na kulinganisha. Uzito wa kinga hii unatokana na njia mbili kutofautiana. Ukiandika tarakimu hizo kwenye flashi ile ile yenye faili, aliyeharibu kimoja ataharibu na kingine.

Kisheria, programu za kompyuta zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, hivyo fundi ana haki juu ya kazi yake. Lakini akiwa amechanganya humo vipande vya wengine, naye anafungwa na masharti yao. Vipande vyenye leseni ya GPL, kwa mfano, vinamtaka anayesambaza kifurushi atoe pia msimbo wake kwa anayepokea. Aidha, majina na namba za simu za wadaiwa ni taarifa binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Fundi anayenakili daftari la mteja kwenye flashi yake "kwa ajili ya majaribio" anabeba kitu kisicho chake.

Lugha nayo isidharauliwe. Desemba 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, iliyotokana na mradi wa Kilinux. Kazi ya miezi mingi ya kutafuta maneno ilimfikia mtumiaji kwa sababu ilifungwa kama kitu kimoja cha kusakinisha. Karani wa Kisarawe anayesoma "deni", "salio" na "stoo" kwenye skrini hahitaji fundi aje kumtafsiria, na hiyo nayo ni nauli iliyookolewa.

Kwa upande wa bei, baadhi ya mafundi wanaweza kuona kwamba wakiacha kusafiri watakosa kisingizio cha kutoza. Hesabu inaonyesha vingine. Iwapo kila duka kati ya yale 12 litalipa shilingi 20,000 kwa mwaka ili kupokea matoleo mapya kwa simu, fundi anapata shilingi 240,000 pale alipokuwa akitumia 309,000, na safari moja ya dharura kwa mwaka bado inamudu. Mkataba uandikwe, japo ukurasa mmoja, ukitaja idadi ya matoleo, nani anatunza nakala ya daftari, na tarehe ambayo baada yake fundi hagusi kitu.

Tarehe hiyo kwa maduka ya pembejeo inajulikana. Toleo jipya lifike kabla ya wakulima kuanza kuchukua salfa kwa mkopo, likae wiki mbili likitazamwa, na baada ya hapo lisiguswe mpaka fedha za korosho ziwe zimelipwa.